Achari ya Shangazi na Daftari la Kaunta: Siri ya Biashara ni ya Nani?

Najua nimepotea, na najua kuna watu walishaanza kusema nimedisko. Sijadisko bana, nipo. Nilikuwa nyumbani Handeni wiki mbili, halafu fildi Korogwe wiki nane, na bumu lilivyochelewa ndo kabisa, hata vocha ya kuingia mtandaoni ilikuwa shida. Sasa nimerudi chuo, nimepata kiti kizuri maktaba karibu na soketi, acha niwaambie kilichonikuta. Ni kirefu kidogo, kwa hiyo chukua chai.

Mnajua mi nasoma sheria. Na mnajua ukishasema nyumbani kwamba unasoma sheria, basi kuanzia mwaka wa kwanza wewe ndo wakili wa ukoo. Mipaka ya mashamba wewe, mahari wewe, mbuzi aliyekula mahindi ya jirani wewe. Safari hii nimefika Handeni, hata begi sijafungua, shangazi kaingia na daftari la kaunta mkononi. Kalibwaga mezani. "Mwanasheria wetu, niandikie barua. Namfunga huyu mtoto."

Shangazi anatengeneza achari ya maembe. Msimu wa maembe nyumba nzima inanuka siki na pilipili mpaka macho yanawasha. Anauza kwenye vikopo hapo Handeni mjini, na mzigo mkubwa unakwenda Korogwe kwa mama ntilie na wauza chipsi, kilomita kama 65 hivi kwa barabara. Biashara hiyo ndo iliyonilipia ada ya sekondari, nisijifanye mtu asiye na upande hapa.

Miaka minne alikuwa na msichana wa kumsaidia. Mtoto mwepesi wa mikono, mwaminifu, alikuwa anaitwa hata kwenye sherehe za familia. Mwaka huu kaaga kwamba anakwenda kupumzika kwao. Mwezi haujaisha, Korogwe kuna achari mpya. Kopo lile lile, karatasi ya rangi ile ile, picha ya embe vile vile, bei imepungua shilingi mia mbili. Na wateja wa shangazi wanapigiwa simu mmoja baada ya mwingine, kila mtu anaambiwa mpaka kiasi anachochukua kwa wiki.

Kumbe kwenye daftari la kaunta, ukurasa wa kwanza kabisa, kuna mkataba. Shangazi aliuandika mwenyewe kwa kalamu ya bluu. Kwa kifupi unasema hivi: msichana hatatoa siri ya achari kwa mtu yeyote, hatapika wala kuuza achari maisha yake yote popote pale, na akikosea atalipa milioni mbili. Chini kuna sahihi ya msichana, sahihi ya shangazi na ya balozi kama shahidi.

Nilivyousoma mara ya kwanza damu ilinichemka. Nikasema huyu tunamfunga kweli. Usiku nikakaa na desa zangu za sheria ya mikataba, nikaanza kupoa.

Kwanza wadau tuelewane jambo moja. Huku Tanzania Bara hatuna sheria moja iliyotungwa mahsusi kwa ajili ya siri za biashara. Ulimwengu mkubwa unayo kanuni yake: makubaliano ya Shirika la Biashara Duniani kuhusu miliki ubunifu, ibara ya 39, yanalinda taarifa kama ni siri kweli, kama thamani yake inatokana na kuwa siri, na kama mwenyewe amechukua hatua za maana kuitunza. Lakini nchi maskini zaidi, na sisi tumo humo, zimepewa muda mpaka tarehe 1 Julai 2034 kabla ya kubanwa na sehemu kubwa ya makubaliano hayo. Kwa hiyo mtu wa Handeni anabaki na vitu viwili: mkataba wake, na kanuni za mahakama tulizorithi kwa Mwingereza ambazo zinasema aliyeaminiwa siri asiitumie kumuumiza aliyemwamini.

Tuanze na mkataba. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 27, inasema makubaliano yoyote yanayomzuia mtu kufanya kazi au biashara halali ni batili kwa kiwango hicho cha kuzuia. Sasa "hatapika wala kuuza achari maisha yake yote popote pale" ni nini kama siyo hicho? Mtoto wa watu ana miaka ishirini na kitu, unamwambia mpaka anazeeka asiguse embe? Sehemu hiyo imekufa kabla ya kuzaliwa.

Milioni mbili nayo. Kifungu cha 74 kinasema hata kama mmeandika kiasi cha kulipa mkataba ukivunjwa, mahakama itatoa fidia ya haki isiyozidi kiasi hicho. Maana yake ile milioni mbili ni dari. Ukishatoka hapo unaulizwa hasara yako ni shilingi ngapi, na daftari linaonyesha nini.

Halafu likaja la tatu, ambalo lilinikosesha usingizi. Niliangalia tarehe ya mkataba. Nikahesabu. Nikamuuliza shangazi, "Hivi huyu dada alikuja kwako ana umri gani?" Shangazi akajibu bila wasiwasi, "Kumi na saba alikuwa hajamaliza." Jamani. Mtu chini ya miaka 18 kisheria hana uwezo wa kufunga mkataba. Karatasi yote ile, pamoja na sahihi ya balozi, inatikisika.

Hapo washkaji wangu wa mwaka wa tatu mtasema kesi imeisha, msichana kashinda. Subirini.

Kuna kitu ambacho shangazi alikitaja kwa kupita tu, kama vile si muhimu. Wiki ya mwisho kabla ya kuaga, msichana alikutwa na simu analipiga picha daftari la wateja. Akasema anapiga picha mwandiko wa shangazi ni mzuri. Shangazi akacheka, akafurahi. Mle ndani kuna majina ya mama ntilie wote wa Korogwe, namba zao, wanachukua vikopo vingapi, nani analipa taslimu na nani anakopa mpaka Jumamosi.

Hapo ndo penyewe. Kuna kesi mbili za Uingereza ambazo mi naziita kesi za ndege, na nilizikumbuka zote mbili usiku ule. Ya kwanza ni ya 1895, Robb dhidi ya Green. Bwana mmoja alikuwa meneja kwenye biashara ya ndege wa kuwindwa na mayai yake. Alinakili kwa siri orodha ya wateja wa tajiri yake, akaondoka, akafungua ya kwake. Mahakama ikasema hapana, huo ni uvunjaji wa uaminifu, hata kama hakuna karatasi iliyoandika neno orodha. Ya pili ni ya 1986, Faccenda Chicken dhidi ya Fowler. Meneja wa mauzo aliacha kazi akaanza kuuza kuku kwa magari kama alivyokuwa anafanya kwa tajiri, akijua wateja, njia na bei. Kampuni ikashtaki, ikashindwa. Mahakama ikasema vitu ambavyo mtu anabaki navyo kichwani baada ya kazi ya kawaida ni ujuzi wake, anaruhusiwa kwenda nao. Kinacholindwa baada ya kuacha kazi ni siri hasa, ya daraja la juu.

Mnaona tofauti? Ulichobeba kichwani kwa sababu umefanya kazi, ni chako. Ulichokipiga picha usiku wa kuaga, si chako. Kesi ya 1986 haiwabani majaji wetu, ila ni hoja wanayoweza kuisikiliza. Hiyo ya 1895 ni ya kabla ya tarehe 22 Julai 1920, siku ambayo sheria za Kiingereza za kawaida zilipokelewa Tanganyika, kwa hiyo ina uzito wake.

Sasa nije kwenye fildi, kwa sababu bila fildi ningebaki wakili wa shangazi tu.

Korogwe nilipangiwa ofisi moja ya biashara, sitaitaja. Siku ya kwanza nimepewa karatasi kurasa mbili: taarifa zote nitakazoziona au kuzisikia ni siri, milele, kwa mtu yeyote. Nikasaini, ningefanyaje, nahitaji mhuri kwenye fomu ya fildi. Wiki ya tatu nikagundua wafanyakazi nao wamesaini karatasi hiyo hiyo. Kaka mmoja wa stoo akaniuliza pembeni, kwa sauti ya chini, "Dada wa sheria, hivi tukienda kuulizia michango yetu ya mfuko wa jamii, tutakuwa tumevunja ile siri?" Kila mwezi mshahara unakatwa, yeye akiangalia kwenye akaunti yake hakuna kitu. Anaogopa kuuliza kwa sababu ya karatasi!

Nilimwambia ninavyojua. Kukata mchango wa mfanyakazi na kutoupeleka si siri ya biashara, ni kosa. Hakuna mkataba unaoweza kufunga mdomo wa mtu asiripoti kosa, na tangu 2015 tuna sheria ya kuwalinda watoa taarifa za uhalifu na mashahidi. Alinishukuru, ila sikuona uso wake ukibadilika. Sheria ikiwa Dodoma na tajiri akiwa mlango wa pili, unamwogopa nani?

Ndo maana neno "siri" linanipa shida. Taifa zima lilishaonyeshwa. Mwaka 2007 mkataba wa mgodi wa Buzwagi ulisainiwa London, na mbunge Zitto Kabwe alipoudai maelezo bungeni akaishia kusimamishwa mwezi Agosti mwaka huo huo. Baadaye Rais Kikwete akaunda kamati chini ya Jaji Mark Bomani kupitia sekta ya madini, na 2015 tukapata sheria ya uwazi katika uziduaji inayotaka mikataba ya namna hiyo iwekwe hadharani. Sisi wa Handeni tuna dhahabu Magambazi, tunajua maana ya watu wengine kujua kilichopo chini ya ardhi yako kabla yako. Kwa hiyo mtu akisema "hii ni siri ya biashara", swali langu la kwanza ni: siri inayomlinda nani, dhidi ya nani?

Na bado, na bado wadau, sikubaliani na wale wanaosema siri za biashara zifutwe zote, eti ujuzi ni wa wote. Jioni moja nilikuwa natoka kazini, upande wa Ngombezi, mkonge umejipanga mpaka macho yanachoka. Nikakumbuka kwamba mkonge wenyewe ni mgeni aliyekuja kwa mlango wa nyuma. Mexico, kule Yucatán, walikuwa wanaulinda kama mboni ya jicho. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf akapata miche kutoka Florida, ambako ulikuwa umeshafika. Iliagizwa elfu moja, ikafika hai 62 tu, ikapandwa Kikogwe, Pangani. Kutoka miche 62, Tanganyika ikaja kuwa mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani. Kuna mtu atasema, si unaona, siri ikivuja watu wengi wananufaika!

Mi nauliza: nani alinufaika? Mpanda mkonge wa Yucatán alipoteza, na manamba wa Korogwe aliyekata majani kwa ujira wa kutupa hakupata mgodi. Waliopata ni wenye mtaji. Siri ikivuja, anayeifaidi ni yule mwenye nguvu ya kuitumia haraka. Leo msichana kachukua orodha ya shangazi. Kesho mwenye kiwanda cha Dar akiichukua ya msichana, ataweka kopo lenye kung'aa kila duka kuanzia Segera mpaka Mombo, na wote wawili watabaki wanapiga miayo. Kwa maskini, siri mara nyingi ndo mtaji pekee. Hana nyumba ya kuweka rehani, hana mashine, ana mikono na kitu kimoja anachokijua.

Ila kuna upande mwingine tena. Sisi watu wa Handeni mnatutania kwa uganga, haya tanieni. Lakini mnajua wazee wangapi wamekufa na dawa zao kwa sababu walikuwa wanamngoja mtoto mmoja wa kumrithisha na hakutokea? Siri isiyokuwa na mrithi inazikwa na mwenyewe. Kwa hiyo kuificha kabisa nako ni hasara.

Msimamo wangu basi ni huu. Mikataba ya kutunza siri isimamiwe, tena kwa nguvu, lakini iwe finyu. Iseme siri ni ipi: kipimo fulani, hatua fulani, orodha fulani. Iseme mpaka lini. Isimguse mtu anapotaka kuishi kwa ujuzi wa mikono yake, wala isifunge mdomo wa anayeripoti uovu. Mkataba unaosema "kila kitu, milele" mi nauona ni mkataba wa mtu ambaye hajui siri yake ni ipi, au anayejua vizuri sana anachokificha.

Na kabla ya kukimbilia mahakamani, mwenye siri ajiulize alifanya nini kuitunza. Shangazi daftari lilikuwa juu ya friji! Mtu yeyote aliyekuja kuomba chumvi angeweza kulisoma. Ukifika kwa hakimu kuomba zuio la muda, utapimwa kwa vigezo vya kesi ya Attilio dhidi ya Mbowe ya 1969: kuna suala zito la kuamua na dalili za kushinda, kuna madhara ambayo fedha haiwezi kuyarudisha, na nani ataumia zaidi zuio likitolewa au likinyimwa. Na ukumbuke, ili uthibitishe siri unaweza kulazimika kuieleza. Shangazi nilipomwambia hivyo alishtuka kuliko aliposikia habari za umri. "Yaani nikasimame mahakamani nitaje ninachoweka? Na watu wamekaa nyuma?"

Mwisho wake sasa. Barua niliandika, ila siyo aliyoitaka. Niliandika mambo matatu. Moja, picha za daftari zifutwe na wateja wale wasipigiwe kwa kutumia taarifa za mle. Mbili, kopo, rangi na picha ya embe vibadilishwe, kwa sababu kumfanya mnunuzi adhani ananunua ya shangazi ni kosa jingine kabisa, halihitaji hata siri. Tatu, ile hatua moja ya mapishi ambayo ni ya shangazi tu (hata mi sitaiandika hapa, msinisumbue) asimfundishe mtu mwingine. Kupika achari apike. Kuuza Korogwe auze.

Shangazi alikasirika siku mbili, haniongeleshi, chakula ananiwekea bila neno. Siku ya tatu akaniambia tukaipeleke wenyewe. Tukapanda gari mpaka Korogwe, tukamkuta msichana yuko na sufuria nyuma ya nyumba ya dada yake, mtoto mchanga mgongoni. Hatukuwa tunajua habari ya mtoto. Alipomwona shangazi alipiga magoti akaanza kulia, shangazi naye akaanza, mi nimesimama na bahasha yangu kama tarishi.

Picha alizifuta mbele yetu. Najua, najua, anaweza kuwa na nakala. Kopo kabadilisha, sasa lina kifuniko cha kijani. Wateja saba wamebaki kwake na hawarudi, hiyo ni hasara na shangazi anaitaja kila akihesabu hela. Sikumwahidi kwamba haki imetendeka yote, kwa sababu haijatendeka yote. Madai ya mkataba yana miaka sita, akibadili mawazo muda upo, ila na mie nitasema ukweli kuhusu ile tarehe na ule umri.

Kabla sijarudi chuo tuliandika mkataba mpya kwa ajili ya msaidizi mpya. Ana miaka 22, nimeona kitambulisho. Ni nusu ukurasa. Na jina la achari tumekubaliana tukaanze taratibu za kusajili alama ya biashara BRELA. Daftari sasa liko kabatini, ufunguo uko kwenye pindo la kanga.

Yule kaka wa stoo bado namfikiria. Nimemtumia namba ya ofisi ya kazi, hajajibu.

Ni hayo tu wadau. Kama wewe ni mzalishaji, tenga siri yako na ujuzi wa watu. Kama umeajiriwa, soma kabla ya kusaini, hata kama njaa inakusukuma. Wale mnaosema nimemwonea huruma mwizi wa shangazi yangu, njooni tubishane kantini, nanunua chai mimi. Bumu likitoka.